Wawili kwa Bunduki Moja

Siku walipogawiwa vitanda, Sajini Amosse Chilaule aliomba kimoyomoyo apate cha pembeni, kilichoegemea ukuta. Hakukipata. Waingereza waliokuja kuwafunza walikuwa wamekwisha kupanga mambo yao: kitanda kimoja mtu wa serikali, kinachofuata mtu wa msituni, kisha wa serikali tena, hivyo hivyo mpaka mlangoni, kama mkulima anavyochanganya mahindi na kunde. Kulia kwake akaangukia mtu mrefu, mkavu, ambaye kitu cha kwanza alichofanya ni kuzivua buti zake na kuzitia chini ya mto badala ya chini ya kitanda.

"Muiambo," alisema yule mtu, bila kuongeza neno.

"Chilaule."

Wakapeana mikono, kwa kuwa mkalimani alikuwa amesimama anawatazama. Usiku ule Amosse hakuvua buti. Alilala chali, blanketi limefika kidevuni, akisikiliza pumzi za jirani yake. Zilikuwa pumzi za mtu aliye macho.

Hiyo ilikuwa Nyanga, milimani, upande wa Zimbabwe, mwaka uliofuata ule wa mkataba wa amani. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimesimama. Kwamba vimekwisha, hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti. Kila upande ulikuwa umetoa watu wake ili wafunzwe pamoja, na watakaofaulu wangekuwa wakufunzi wa kwanza wa jeshi jipya, jeshi moja la watu wote. Watakaoshindwa wangevua kombati na kwenda kwao kushika jembe.

Amosse alitaka kufaulu kuliko kitu chochote. Alizaliwa Chibuto, baba yake mtu wa migodini Afrika Kusini, mtu wa kuonekana Krismasi na kutoweka. Yeye aliingia jeshini kabla ndevu hazijamtoka vizuri, na sasa karibu anatimiza thelathini hajui kazi nyingine chini ya jua. Alijua kupiga kwata, kufungua bunduki, kutembea siku nzima bila maji. Ukimvua kombati, alikuwa akijiambia, unabaki na nini? Mwanamume mwenye magoti mabovu asiyejua hata kupanda muhogo.

Mkewe, Rabeca, alibaki Chókwè na mtoto wao wa kike. Kaka yake Rabeca, Jeremias, alikuwa utingo wa lori. Mwaka wa themanini na saba lori lile lilichomwa moto kwenye barabara ya kaskazini pamoja na wote waliokuwamo. Wengine walisema ni watu wa msituni, wengine wakasema ni wezi tu waliojivika kombati. Rabeca hakutaka kusikia habari za wezi.

"Utalala nao chumba kimoja?" alimwuliza mumewe asubuhi ya kuondoka.

"Ni amri, mama Celeste."

"Amri." Akamfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno. "Haya. Basi ukilala, lala kwa jicho moja."

Ndivyo alivyolala wiki zile za kwanza, kwa jicho moja.

Mchana ulikuwa na afadhali, maana mchana kulikuwa na kazi. Ukungu ulipanda kutoka mabondeni ukawafunika mpaka mtu hakumwona anayetembea mbele yake. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sadza, ugali wa kule, ilikuja moto na maharage na kabichi, wakala wameinama juu ya sahani kama watu wanaoota moto. Lakini hata hapo Amosse hakutulia. Muiambo alikuwa Mndau, na lugha ya Wandau ni jirani wa karibu wa ile ya wapishi wa pale. Yeye na wapishi walielewana kama watoto wa ukoo mmoja. Walitaniana, wakacheka, wakamwongezea mchuzi. Amosse, mtoto wa Kichangana, alishika neno hapa, neno pale. Kila walipocheka alijiuliza wanamcheka nani.

"Umesikia?" alimnong'oneza Koplo Guambe, mwenzake wa upande wa serikali, mtu mfupi aliyekuwa na habari za kila kitu bila uhakika wa chochote. "Jirani yako anapanga kitu na wale wa jikoni."

"Anaomba chumvi, Guambe."

"Chumvi! Mano Chilaule, ndugu yangu, wewe endelea kuamini chumvi. Siku utakayoamka huna koo, usije kwangu kulalamika."

Halafu kukaja upangaji wa wawili wawili. Sajini Pritchard, Mwingereza mwenye uso mwekundu na sauti iliyotoka kifuani kama ngoma, alisimama mbele yao, na pembeni yake mkalimani, bwana mmoja aitwaye Nyakudya, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mwingereza alisema kwa ufupi, Nyakudya akatafsiri kwa urefu, kama kawaida yake.

"Sajini anasema hivi. Hatafuti hodari wa vita. Hodari wa vita anao wengi kupita kiasi, na ndio wamemleta huku. Anatafuta mtu ambaye akimfundisha mtoto wa mwenzake, mtoto yule anaelewa na anarudi kwao na vidole vyake vyote. Mtafundisha wawili wawili. Alama kila mtu atapewa zake, lakini mtafaulu au kuanguka pamoja. Akianguka mmoja, mmeanguka wote."

Majina yakasomwa. Chilaule na Muiambo.

Guambe alimtazama Amosse kwa huruma ya mtu anayemtazama mgonjwa.

Somo la kwanza la majaribio lilikuwa kuifungua bunduki na kuisafisha. Mmoja akiwa mwalimu, mwenziwe alijifanya kuruta asiyejua kitu. Amosse alianza vizuri. Sauti ilimtoka safi, kifua mbele, kila neno limenyooka. Ndipo Muiambo, aliyeketi chini kati ya wengine, akanyanyua mkono taratibu.

"Mwalimu, kwa nini tunatoa magazini kwanza, ndipo tukoki? Kwa nini tusikoki kwanza?"

Damu ilimpanda Amosse kichwani. "Kwa sababu nimesema mimi! Kuruta haulizi! Simama! Zunguka uwanja!"

Muiambo alisimama, akazunguka uwanja kwenye ukungu, mbio zake za polepole zisizochosha, mbio za mtu aliyezoea kukimbia na mzigo kichwani. Hakuna aliyecheka. Pritchard alingoja mpaka akarudi, ndipo akamwuliza Amosse kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama jibu unalijua," alisema Nyakudya.

"Nalijua. Ukikoki magazini ikiwa ndani, unapandisha risasi chemba. Utadhani bunduki ni tupu, kumbe umejiandalia msiba."

"Anauliza, basi mbona hukumwambia?"

Amosse aliinamia bunduki, akaanza kuiunganisha. Angesemaje kwamba swali lile, kwa kinywa kile, lilimfikia kama mtego? Pritchard aliandika alama yake, na hakumwonyesha mtu.

Muiambo alipofundisha kwa zamu yake, Kireno chake kilichechemea, lakini alipiga magoti chini pamoja na kuruta wake, akashika mikono yao akaiongoza. Hata Guambe, aliyekuwa kuruta siku hiyo, alijisahau akauliza swali na kujibiwa vizuri, kisha akanuna mpaka chakula cha jioni.

Ndipo likatangazwa lile lililokuwa likinong'onwa tangu mwanzo. Mpaka hapo bunduki zilikuwa tupu. Sasa wangepewa risasi za kweli. Kila jozi ingelala chini uwanja wa shabaha: mmoja anapiga, mwenziwe yuko ubavuni mwake, mkono begani, akimwongoza. Kisha wangebadilishana.

Kambi nzima ilikosa hamu ya kula. Watu waliokuwa wameanza kupeana sigara wakarudi kila mmoja kwenye kundi la kwao. Mtu mmoja wa msituni alikwenda kwa daktari akasema ana malaria, na nyuma yake wakapanga foleni watu wa serikali watatu, nao wana malaria.

"Utampa mgongo," alisema Guambe. "Fikiri vizuri, mano. Yeye ana bunduki iliyojaa, na wewe umelala hapo kama samaki kwenye ubao."

"Na wewe utalala vivyo hivyo."

"Mimi nimejipanga. Wangu ni mzee, haoni vizuri."

Asubuhi hiyo ukungu uliondoka mapema, kama kwamba nao ulitaka kuona. Vilima vilikuwa safi, shabaha za karatasi zinapepea mbali. Amosse alilala ubavuni mwa Muiambo, akaweka mkono begani kwake. Bega lilikuwa gumu kama kigogo.

"Pumua," alisema. "Vuta polepole."

Muiambo akapiga. Akapiga tena. Risasi zilikwenda vizuri, karibu na katikati. Ya tatu haikutoka. Bunduki ilikuwa imekwama.

Na hapo, badala ya kuiacha ikitazama mbele, Muiambo aligeuka mwili mzima kumwelekea mwalimu wake. Mtutu ukageuka naye. Ulipita juu ya mkono wa Amosse, ukaja ukasimama kwenye kifua chake, kidole cha Muiambo bado kiko kwenye kifyatulio.

Amosse aliyaona macho yake. Baadaye alijaribu sana kuyakumbuka yalivyokuwa, na hakuweza. Mkono wake ulifanya kazi bila yeye: uliukamata mtutu, ukaukandamiza ardhini. Kwa mshindo ule risasi iliyokwama ikafyatuka, bunduki ikalia. Udongo ukawarukia usoni wote wawili.

Kushoto na kulia watu walikuwa wameinuka kwa magoti, na bunduki zilizojaa zimeinuka nao. Wa serikali wanawatazama wa msituni, wa msituni wanawatazama wa serikali. Filimbi ya Pritchard ililia na hakuna aliyeisikia. Amosse aliona, kwa ukingo wa jicho, mtutu wa Guambe ukianza kugeuka. Alijua kwamba mtu mmoja akikohoa, wote watakufa hapo mlimani, na vita vitashuka bondeni mpaka Chókwè.

Akapaza sauti, ile ya uwanja wa gwaride, ingawa ndani yake kulikuwa na maji matupu.

"Kuruta! Bunduki ikikwama, mtutu unaangalia wapi?"

Muiambo alikuwa na udongo kwenye kope. "Mbele, mwalimu."

"Sisikii!"

"Mbele, mwalimu!"

"Na mkono?"

"Nanyanyua mkono, mwalimu. Nabaki nimelala. Nangoja."

"Basi nyanyua, ungoje!"

Muiambo akalala, akanyanyua mkono. Mtu mmoja upande wa kushoto alicheka, cheko fupi la hofu. Mwingine naye akalala chini. Mmoja mmoja, mitutu ikarudi kutazama karatasi.

Amosse alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi nyuma ya vyoo, na huko akatapika chai yote ya asubuhi. Aliponyanyua kichwa, Muiambo alikuwa amesimama hatua chache, kofia mkononi.

"Ulitaka kuniua?" aliuliza Amosse.

"Msituni bunduki ikikwama unampa aliye karibu yako. Anaifungua, unachukua yake. Hatukufundishwa kulala na kungoja. Anayengoja amekufa."

"Sikuuliza hayo."

Muiambo alizungusha kofia. "Sijui unataka nikujibu nini, Sajini. Nikisema sikutaka, utaniamini?"

"Mwaka wa themanini na saba ulikuwa wapi?"

Lilimtoka kabla hajalizuia, swali alilolibeba tangu Chókwè.

"Mwaka ule nilikuwa sehemu nyingi. Na wewe ulikuwa sehemu nyingi. Mimi sijakuuliza."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mchana waliitwa, mmoja mmoja. Nyuma ya meza walikaa Pritchard, kapteni mmoja wa Zimbabwe na Nyakudya mkalimani. Nje ya mlango Guambe alikuwa amemshika Amosse kiwiko.

"Neno moja tu, mano. Sema alikulenga. Wataondoka naye leo hii, na wewe watakupa mwenzi mwingine. Mfikirie shemeji yako."

Na kweli alimfikiria. Jeremias alikuwa mtu wa kupiga mluzi akifunga turubai, mtu aliyemfundisha Celeste kusimama. Amosse aliingia ndani na mluzi ule masikioni.

"Swali ni moja," alisema kapteni. "Alikulenga?"

Amosse alifungua kinywa. Aliyatafuta tena yale macho. Mara aliyaona ni macho ya mwanafunzi aliyepotelewa, anayeuliza afanye nini. Mara aliyaona ni macho ya mwindaji. Kadiri alivyoyatafuta ndivyo yalivyobadilika.

"Kilichokuwa moyoni mwake sikijui, afande," alisema mwishowe. "Nilichokiona ni kuruta aliyegeuka na bunduki. Na mwalimu wake alikuwa mimi. Sikumwambia kabla kwamba ikikwama asigeuke. Nilidhani mtu aliyepigana miaka yote hiyo anajua. Hakuwa anajua. Nami nina kosa."

"Unafahamu kwamba kwa kusema hivyo, nawe alama zako zinashuka?"

"Nafahamu, afande."

Hakuwa anafahamu. Ndiyo kwanza alisikia.

Guambe hakumsemesha siku ile wala iliyofuata. Mezani, nafasi ya Amosse kati ya watu wa kwao ilijazwa sahani ya mtu mwingine. Alikula amesimama.

Zoezi halikuwa limekwisha. Nusu ya pili ilibaki: sasa Amosse ndiye angepiga, Muiambo awe ubavuni. Walirudishwa uwanjani, jozi moja moja safari hii, Pritchard amesimama karibu yao mpaka kivuli chake kinawafunika.

Amosse alijilaza, akaikumbatia bunduki. Mkono wa Muiambo ulikuja begani kwake. Hapo ndipo likamjia wazo ambalo hakulitarajia: jinsi ilivyo rahisi. Kugeuka kidogo tu, kusema imekwama, nilisahau. Wazo lilikuja na kukaa naye kama mgeni anayejua njia ya nyumba. Hakulitaka, wala hakuweza kuapa kwamba si lake.

"Pumua, Sajini," alisema Muiambo kwa sauti ya chini. "Mbona hupumui?"

Akapumua. Akapiga risasi zake zote mbele, moja baada ya nyingine, na nyingi hazikugusa hata karatasi.

Siku za kungoja matokeo zilikuwa mbaya kuliko za zoezi. Kila Nyakudya alipopita na miwani yake ya uzi, Amosse alisimama wima. Alijaribu kujizoeza habari ya kushika jembe, akajiona shambani, magoti yanamlia, Rabeca anatazama pembeni ili asimwaibishe. Usiku mmoja Amosse alisikia buti za Muiambo zikiwekwa chini, kwenye saruji, chini ya kitanda. Alikaa macho muda mrefu akiwaza kama hiyo ni amani au ni hila.

Majina yalisomwa kwenye mvua. La Chilaule lilikuwamo, karibu na mwisho. La Muiambo lilikuwamo, juu zaidi. Guambe naye alifaulu, na furaha ikamfanya asahau kununa. Alimkumbatia Amosse, kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa bado imefunguka na mtu yuko mbele yake, akamkumbatia hata Muiambo. Walipoachana, wote wawili walijifuta kombati.

Kabla ya kupelekwa kwenye kituo chao kipya, Amosse alipata likizo fupi. Rabeca alimchinjia kuku. Alikula, akaoga, akamchezesha Celeste, na alipoona hakuna tena pa kujificha, akamwambia mkewe yote: kitanda, mtutu, meza ya maafande, na alichokisema pale.

Rabeca alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulisimama.

"Ulikuwa na neno mdomoni la kumtoa, ukalimeza?"

"Sikujua kama ni kweli, mama Celeste."

"Na wale waliomchoma Jeremias walingoja kujua kipi ni kweli? Walimwuliza nani?" Aliuweka ungo chini, akaingia ndani. Siku mbili alimpa chakula bila neno. Siku ya tatu, akimfungia mzigo wa safari, aliuliza bila kumtazama: "Huyo mtu ana mke?"

"Hana. Ana mama. Hajui kama yu hai."

Alilikaza fundo. "Usimlete hapa," alisema. Halafu, akimkabidhi mzigo: "Bado."

Walifundisha pamoja makundi mawili ya mwanzo, Chilaule na Muiambo, makuruta waliokuja wengine bila viatu, kutoka kila upande. Kila siku ya risasi Amosse aliamka akakataa chai. Makuruta walidhani ni ukali. Muiambo, aliyejua, alimwachia kipande cha mkate mfukoni mwa koti lake, wala hawakuwahi kulizungumzia. Baadaye Muiambo alihamishwa Beira. Alimpata mama yake, mzee amepofuka, akiishi kwa jirani.

Amosse aliendelea kufundisha mpaka magoti yakakataa kabisa. Habari za lori la barabara ya kaskazini hakumwuliza tena mtu yeyote. Katika miaka yake yote uwanjani, hakuna kuruta wake aliyepoteza hata kidole. Na hata hivyo, mpaka siku ya mwisho, kila alipolala ubavuni mwa kijana mwenye bunduki iliyojaa na kumwekea mkono begani, moyo wake ulikwenda mbio, akangoja mlio.